Tuta la barafu upenuni: mvuke, reki, waya za umeme au kuziba dari?

Siku dari ya chumba cha watoto ilipoanza kutoa maji nilipiga simu tatu, nikapata majibu matatu. Wa kwanza alisema atakuja na shoka na nyundo apasue barafu iliyoganda upenuni mwa paa, dola 300 taslimu. Wa pili ana mashine ya mvuke, anatoza dola 450 kwa saa, na saa mbili utazilipa hata akimaliza kwa nusu saa. Wa tatu hakutaka hata kusikia habari ya barafu iliyopo. Alitaka kuniuzia waya za umeme za kutandaza juu ya paa ili tatizo lisirudi. Nje ilikuwa nyuzi 12 chini ya sifuri, jua linawaka, hakuna wingu. Mtu wa Tanga paa likivuja huangalia mawingu kwanza. Nilitoka nikaangalia, nikarudi ndani nimechanganyikiwa zaidi.

Nilichagua shoka, kwa sababu bei yake ilieleweka. Kijana alipanda, akapasua saa nzima, mapande ya barafu yakamwagika bustanini kama kifusi, maji yakakoma. Aprili ikaja na mvua ya kawaida, pale pale pakavuja tena, safari hii bila barafu yoyote. Vigae vilikuwa vimekatwa na shoka, kimoja kina mpasuko unaopitisha kidole. Ukarabati ulikula kuliko zile saa mbili za mvuke nilizozikimbia.

Msimu wa pili nikanunua waya. Baada ya msimu wa tatu ndipo nikapanda darini, kwenye ile nafasi iliyo kati ya dari na paa. Kwa hiyo mengi ninayoyalinganisha hapa nimeyalipia, mengine kwa ujinga wangu. Nawaandikia hasa ndugu zetu wa Brooklyn Park, Brooklyn Center na vitongoji vingine vya Minneapolis, Marekani, ambako Wakenya na Watanzania wengi wamenunua nyumba, ila aliyeko Boston au Buffalo naye ana kesi hiyo hiyo.

Joto lenyewe ni lako

Hewa ya moto ya ndani ya nyumba hupanda. Ikikuta upenyo darini inapita, inakwenda kupasha mbao za paa kwa chini. Theluji iliyolala juu nayo ni blanketi, hailiachi joto lile lipotee, basi tabaka lake la chini kabisa linayeyuka hata kama nje kunagandisha. Maji yanateremka kimya kimya chini ya theluji mpaka upenuni. Upenu umetokeza nje ya ukuta, chini yake hakuna chumba wala hita, ni baridi tupu, na hapo maji yanaganda. Kesho yake yanakuja mengine, yanayakuta yale, yanaganda nayo. Wiki moja tu una tuta, na nyuma ya tuta una dimbwi.

Vigae vya lami vimepangwa kama makuti, kila safu inailalia ya chini yake. Maji yakiteremka hayana pa kuingilia. Yakisimama na kuanza kurudi juu yanaingia chini ya kigae, yanafuata tundu la msumari, yanafika kwenye mbao, kwenye sufi ya insulesheni, ile ya kuzuia joto lisipotee, kwenye jipsamu, halafu juu ya kitanda cha mtoto.

Wengi huzilaumu gata, ile mifereji ya kukinga maji ukingoni mwa paa. Gata hazina kosa. Nyumba isiyo na gata kabisa hupata tuta vile vile. Gata inachofanya ni kubeba uzito, na uzito wenyewe si mchezo. Tuta la urefu wa mita 6, upana wa sentimita 30 na unene wa 20 lina karibu kilo 330 za barafu. Hiyo ni mifuko sita na nusu ya saruji imening'inizwa kwenye ukingo wa paa.

Kabla hujamlipa mtu yeyote, vuka barabara ulitazame paa lako na la jirani siku mbili baada ya theluji kuanguka. La jirani yangu, mzee mmoja aliyestaafu, lilikuwa limelaliwa na theluji sawasawa kama godoro. Langu lilikuwa na vipara: kimoja juu ya bafu, kimoja kuzunguka bomba la moshi, na mstari mrefu juu ya ukuta wa jikoni. Kila kipara ni mahali ambapo joto langu linatokea. Ramani ile ni ya bure na haidanganyi, ingawa mimi niliielewa baada ya miaka miwili.

Kipimo kingine ni vipimajoto viwili vya bei rahisi, kimoja nje na kimoja darini. Watafiti wa maabara ya jeshi la Marekani inayochunguza maeneo ya baridi, iliyoko Hanover, New Hampshire, walipopima majengo yenye tatizo hili walikuta kwamba barafu ya upenuni husumbua pale nje kunapokuwa chini ya nyuzi 22 za Fahrenheit huku darini kumezidi 30. Kwa Selsiasi ni kama 5.5 na 1 chini ya sifuri. Kwangu siku moja ya Januari nje ilisoma 10 ya Fahrenheit na darini 44. Hilo halikuwa dari, lilikuwa chumba cha ziada ninachokipasha moto bila mtu kulala ndani yake.

Maji yanadondoka sasa hivi

Usiku wa namna hii usianze na paa, anza na dari. Kama jipsamu imevimba tumbo, weka ndoo, zima umeme wa chumba kile kama kuna taa karibu, kisha itoboe kwa bisibisi katikati ya uvimbe. Inauma kutoboa dari yako mwenyewe. Lakini tundu dogo linashusha maji kwenye ndoo, na ukiliacha tumbo lizidi kujaa litashuka na ubao mzima.

Pili, kata chakula cha tuta. Ukiwa umesimama chini kwa reki ndefu, vuta theluji iliyo juu ya tuta. Tuta litabaki pale pale, ila hakutakuwa na cha kuyeyuka na kulijaza dimbwi. Tatu, na hii wengi hawaijui: ukiweza kuingia darini salama, elekeza feni ya kawaida upande wa chini wa paa mahali panapovuja, ivute hewa ya darini na kuipuliza pale. Kama hewa hiyo ina baridi ya kugandisha, maji yanayopenya yanaweza kuganda yalipo. Dawa haijawa, lakini utalala.

Baada ya hapo ndipo unachagua namna ya kuliondoa tuta, na hapa machaguo ni matatu, moja nimeshaeleza lilivyonifanyia.

Shoka, nyundo, patasi na msumeno viko kundi moja. Ni haraka na rahisi. Lakini barafu imeshikana na vigae, na vigae kwenye baridi hiyo ni vikavu kama biskuti. Hata fundi mwenye mkono mwepesi hajui barafu inaishia wapi na kigae kinaanzia wapi. Mimi siwezi kumshauri mtu, hata kama ofa ni ya bure.

Mvuke ni ghali, na ndio ningeuchagua leo. Mashine inatoa mvuke wa moto kuliko maji yanayochemka, kwa msukumo mdogo, na fundi anaikata barafu vipande kama anayekata sabuni ya mche, kisha anaviachia vishuke. Vigae vinabaki salama. Tahadhari ni moja: wapo wanaojiita watu wa mvuke na walicholeta ni mashine ya kuoshea magari iliyounganishwa na maji moto. Hiyo inapiga kwa nguvu na kukwangua ile changarawe ya juu ya vigae. Muulize kwenye simu kabla hajaja kama anayeyusha kwa mvuke au kwa maji ya presha, na akianza kujiumauma, kata simu. Muulize pia kama ana bima ya wafanyakazi wake, maana mtu akiteleza kwenye paa lako hilo ni jambo jingine kabisa.

Chumvi kwenye soksi ni dawa ya mtu asiye na dola mia tisa usiku wa manane. Unachukua soksi ndefu za kike, unazijaza kloridi ya kalsiamu, unazifunga, unazilaza zikikatiza tuta kwa kusimama, ncha ya chini ipite ukingo wa gata. Zinayeyusha mfereji mwembamba ambao dimbwi linapitia. Si kazi ya saa moja, ni ya saa nyingi, pengine siku nzima. Angalia sana gunia unalonunua. Chumvi ya mawe ya kumwaga barabarani inaanza kuchoka baridi ikikaribia nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri, na huo ndio wastani wa Januari hapa Minneapolis. Kloridi ya kalsiamu inaendelea kufanya kazi mpaka karibu 29 chini ya sifuri. Isitoshe, chumvi ya mawe inakula gata za chuma na kuua maua yaliyo chini. Udhaifu mkubwa wa soksi ni kwamba unazipandishia ngazi, na ngazi juu ya ardhi iliyoganda imevunja viuno vya watu wengi. Kama nyumba yako ni ya ghorofa mbili, usithubutu.

Habari ya bima ni fupi. Bima nyingi za nyumba hapa Marekani hulipa uharibifu wa ndani uliotokana na maji ya tuta, ukishatoa ile sehemu unayojilipia mwenyewe, lakini mara nyingi hazilipi kuliondoa tuta lenyewe. Soma mkataba wako, piga picha za kila kitu kabla ya kusafisha, na kama uharibifu ni wa dola 1,200 na sehemu yako ni dola 1,000, fikiria mara mbili kabla ya kufungua dai.

Msimu huu: reki au waya

Hapa ndipo watu wa rika langu hubishana kila Desemba, kwa hiyo naviweka bega kwa bega.

| | Reki ya paa | Waya za joto |
|---|---|---|
| Nilitumia | dola 60 | karibu dola 900, fundi umeme ndani yake |
| Gharama ya kila msimu | mgongo wako | umeme, hesabu iko hapa chini |
| Inachofanya | inaondoa theluji kabla haijayeyuka | zinafungua mifereji kwenye barafu |
| Isichofanya | haifiki juu ya ghorofa ya pili kirahisi | hazizuii tuta kujengeka kati ya waya na waya |
| Ukisafiri Desemba nzima | haina msaada | zinafaa, kama hakuna kilichoharibika |

Reki ni mti mrefu wa alumini, mita 6 na zaidi ukiunganisha vipande, wenye ubao mpana mwishoni. Unasimama chini, unavuta futi tatu au nne za theluji ya ukingoni kila inapoanguka, mapema, kabla haijabadilika kuwa zege. Usikwangue mpaka kwenye kigae. Acha inchi moja au mbili. Ninaipenda kwa sababu inamlazimisha mwenye nyumba kulitazama paa lake. Ina mambo mawili ya kuogopa. Moja ni waya wa umeme unaotoka kwenye nguzo kuingia nyumbani, kwani alumini haitakusamehe. La pili, kwenye nyumba inayovuja joto sana, ukivuta futi nne tu, maji yanaweza kuganda pale theluji iliyobaki inapokomea, ukawa na tuta la pili juu ya mahali ulipolitegemea. Mwaka 2022 kuingia 2023, msimu ambao theluji ya Minneapolis ilipita inchi 90, nilivuta paa langu mara kumi na moja na bado hilo la pili likanipata.

Waya hutandazwa kwa kuzungushwa kama meno ya msumeno kando ya upenu, kisha zinashuka ndani ya gata na bomba la kushusha maji. Fundi asiyezishusha mpaka chini kabisa amekuhamishia tuta kutoka paani kwenda ndani ya bomba. Umeme wake ni huu: futi 100 za waya wa wati 5 kwa futi ni wati 500. Zikiwaka mchana na usiku ni yuniti 12 kwa siku, 360 kwa mwezi. Kwa senti 15 kwa yuniti ni dola 54 kila mwezi, kwa kazi ya kuyeyusha barafu ambayo umeshalipia gesi kuitengeneza. Hapo ndipo mke wangu aliponiuliza, "Yaani tunalipa kupasha paa kwa ndani, halafu tunalipa tena kulipasha kwa nje?" Sikuwa na jibu.

Zipo waya zinazojipunguzia joto zenyewe baridi ikipungua. Ni ghali zaidi kununua, nafuu kuendesha, na ndizo ningenunua kama ningerudia. Za kawaida zisipandane zenyewe kwa zenyewe, zinaungua. Zote zinahitaji soketi yenye kinga ya kukata umeme unapovujia maji. Na zinawekwa vuli, paa likiwa kavu. Anayekuja kuziweka juu ya barafu Februari anataka hela ya Februari.

Sisemi waya ni utapeli. Kuna mahali hakuna kingine kinachowezekana: bonde ambapo mapaa mawili yanakutana juu ya mlango, au ukumbi wenye dari la kufuata mteremko ambao hauna nafasi ya kuingia mtu. Hapo waya futi 20 ni uamuzi wa busara. Nyumba nzima iliyozungushwa waya inaficha tatizo lililoko darini.

Kiangazi: kuziba kwanza, sufi baadaye, matundu mwisho

Fundi aliyenifumbua macho ni Mkenya mmoja wa Kisii, mtu wa kazi za dari. Alipanda kwenye shimo la dari na tochi, akakaa dakika kumi, akanyoosha mkono chini na kipande cha sufi ya kioo. Ile sufi ya pinki ilikuwa nyeusi tii upande mmoja, kama kichujio cha mashine ya kukaushia nguo.

"Unaona hii, ndugu yangu? Huu si uchafu wa panya. Ni hewa ya nyumba yako. Imepita hapa miaka arobaini, ikaacha vumbi."

Hilo ndilo jambo ambalo matangazo ya insulesheni huliruka. Sufi inapunguza joto linalopita polepole kwenye kitu kigumu, lakini hewa inayokimbia inapenya ndani yake kama upepo kwenye chandarua. Ukirundika inchi 14 za sufi juu ya dari lenye nyufa, umelifunika tatizo na shuka. Sisi tunaosema usipoziba ufa utajenga ukuta tulipaswa kulijua hili kabla ya Wazungu.

Nyufa zenyewe haziko pale unapodhani. Kwangu kubwa kuliko zote lilikuwa pengo kuzunguka bomba la moshi, upana wa mkono, kutoka besmenti mpaka darini moja kwa moja, kama chimni ya pili. Halafu matundu ya mabomba ya choo, waya za umeme zinapopita juu ya kuta, taa zilizozama kwenye dari, na mfuniko wa shimo la kupandia ambao ulikuwa ubao mtupu usio na hata kipande cha mpira. Feni ya bafu ilikuwa inapuliza mvuke darini badala ya nje. Ndiyo sababu ya kile kipara cha kwanza.

Madogo unaziba kwa povu la kopo na silikoni mwenyewe, Jumamosi mbili, ukivaa barakoa. Pengo la bomba la moshi usiliguse kwa povu. Linataka bati jembamba na gundi isiyoshika moto, na vitu vinavyoungua vikae mbali na tofali zake. Ukishaziba nyumba vizuri, pima hita na tangi la maji moto uone kama moshi wake bado unatoka nje na haurudi ndani. Kengele ya monoksidi ya kaboni, ile gesi ya sumu ya moshi, iwe ndani ya futi 10 za kila chumba cha kulala; sheria ya Minnesota inataka hivyo, na hata isingetaka ningeiweka.

Kama hutaki kubahatisha, kuna kipimo cha feni ya mlangoni: wanauziba mlango wa mbele kwa kitambaa chenye feni, wanaivuta nyumba hewa, kisha wanazunguka na kamera ya joto kuona inapoingilia. Minneapolis na vitongoji vyake kuna Home Energy Squad, mpango wa Xcel Energy na CenterPoint Energy, kampuni za umeme na gesi, wanaokuja kupima. Ningewaita kabla ya yule wa shoka.

Ndipo inakuja sufi. Uwezo wake unapimwa kwa namba ya R; kubwa ndiyo bora. Kwa baridi ya Minnesota lengo la darini ni R-49 au zaidi. Nyumba nyingi za miaka ya 1950 zina inchi chache tu zilizolala chapa. Machaguo ya kawaida ni haya. Selulosi, yaani magazeti yaliyosagwa na kuchanganywa na dawa ya kuzuia moto, inapulizwa kwa bomba, inafika karibu R-3.5 kwa inchi, inajaza pembe vizuri, na inchi 14 zinakufikisha. Sufi ya kioo ya kupulizwa ni safi na nyepesi, lakini kwa karibu R-2.5 kwa inchi utahitaji inchi 20 kwa kazi ile ile, na hewa inapenya kirahisi zaidi. Povu gumu la kupuliza linafika R-6 na kuendelea kwa inchi na linaziba nyufa papo hapo, bei yake ndiyo inayokata pumzi. Kwa dari la kawaida lenye nafasi, mimi nilichukua selulosi, dola 3,400 pamoja na kuziba, na sijutii. Povu niliwaachia wenye uhitaji nalo, nao nitawataja.

Onyo moja ambalo halina mjadala. Ukikuta darini punje nyepesi za kahawia zinazometa kama mika, usizikoroge, usizifagie, shuka. Hiyo huenda ikawa vemikulaiti, insulesheni ya madini, na nyingi iliyouzwa Marekani ilitoka mgodi wa Libby, Montana, ikiwa na asbestosi, sumu ya mapafu, ndani yake. Nyingine ilisindikwa hapa hapa, kwenye kiwanda cha Northeast Minneapolis. Hilo ni la wataalamu wenye leseni. Vivyo hivyo waya za umeme za kizamani zinazopita juu ya vishikizo vya kauri: fundi umeme kwanza, sufi baadaye.

Matundu ya kupitishia hewa, yale ya upenuni na ya kileleni, ni ya mwisho kwa makusudi. Kazi yake ni kufagia joto dogo lililobaki ili paa libaki na baridi ya nje. Kanuni inayotumika ni futi moja ya mraba ya tundu kwa kila futi 300 za mraba za dari, au 150 pasipokuwa na mgawanyo mzuri wa juu na chini. Hakikisha sufi haijaziba njia ya upenuni; kuna vipande vya plastiki vya kuilinda njia hiyo, ni vya bei ndogo na mafundi wengi huvisahau. Ila ukiongeza matundu juu ya dari linalovuja umeongeza mvuto tu, hewa ya moto inakimbia zaidi. Na ile feni kubwa ya umeme ya kunyonya hewa darini, niliyoshauriwa na muuzaji mmoja dukani, ni mbaya zaidi: inanyonya joto la sebuleni.

Kama paa lenyewe limefika umri

Hapo una jambo moja la lazima na moja la hiari. La lazima ni utando wa lami unaojigandisha kwenye mbao chini ya vigae. Hauzuii tuta, unazuia maji ya tuta yasiingie. Kanuni za ujenzi zinataka uanzie ukingoni na upite futi 2 ndani ya mstari wa ukuta wa nje. Fanya hesabu yako mwenyewe kabla fundi hajafungua gunia. Upenu wa futi 2 jumlisha futi 2 za ndani ni futi 4 kwa kulala, na kwa kufuata mteremko ni zaidi. Roli moja ina upana wa futi 3. Kwa hiyo nyumba yenye upenu huo inataka safu mbili, na fundi aliyeandika safu moja kwenye karatasi ya bei hajakosea hesabu, amebana matumizi kwenye paa lako.

La hiari ni bati. Nyumbani bati ndilo paa la kila mtu. Huku ni paa la aliyejipanga, mara mbili ya bei ya vigae au zaidi. Theluji inateleza juu yake, na maji hayana vigae vya kuingilia chini yake. Lakini dari likivuja joto, upenu wa bati nao unajenga barafu, na theluji ikiamua kushuka inashuka yote kwa pamoja, ngurumo moja, juu ya ngazi za mlangoni. Utahitaji vizuizi vya theluji juu ya kila mlango. Kwa mtu mwenye dola elfu kadhaa na dari bovu, bado ningesema dari.

Nyumba yako ni ipi

Nyumba ya ghorofa moja yenye dari tambarare na nafasi ya mtu kutambaa ndiyo yenye bahati kuliko zote. Usinunue waya. Reki msimu huu, kuziba na selulosi kiangazi.

Zile za ghorofa moja na nusu, zilizojaa Minneapolis na St. Paul, vyumba vya juu vimebanwa chini ya mteremko wa paa, ndizo zinazoongoza kwa matuta. Mteremko una unene wa kombamoyo tu, hakuna mahali pa kuweka inchi 14. Hapa ndipo povu linastahili bei yake, au kusubiri paa libadilishwe na kuongeza mbao za povu kwa juu, chini ya vigae vipya. Ukinunua nyumba ya aina hii muulize mwenye kuuza akuonyeshe picha za paa la Februari, siyo za Julai.

Mpangaji asinunue chochote zaidi ya ndoo. Mwandikie mwenye nyumba siku hiyo hiyo, kwa maandishi, na picha. Anayeishi nyumba za safu zenye chama cha wakazi asome kwanza karatasi za chama. Mara nyingi paa ni lao, na ukipandisha fundi wako mwenyewe bila ruhusa unaweza kubebeshwa hata uharibifu usiokuhusu.

Kwangu, vipimajoto bado vimening'inia. Januari iliyopita nje ilisoma 8 ya Fahrenheit, darini 19. Theluji ilikaa juu ya paa wiki tatu imetulia, isipokuwa kona ya kaskazini juu ya bafu, ambako mapaa mawili yanakutana na barafu ya unene wa kiganja bado inapenda kujikusanya. Pale nimebakiza futi 20 za waya. Zilizobaki zimekunjwa gereji, na anayehitaji aje azichukue, ila aje kwanza tupande naye darini kwake.